Kilio cha Apolline wa Murara

Watu wa Murara wakikuambia walimupenda Apolline, waambie mimi Mukashyaka nimekataa. Walipenda sauti yake. Sauti na mutu ni vitu viwili, na mimi nilikuwa pale siku vilipoachana.

Apolline Mukamazimpaka alizaliwa Masisi, kwenye vilima vya ng'ombe, binti ya Habarurema. Kuimba alianzia kanisani kama sisi wote, lakini yeye akifungua kinywa, hata wale wenye walikuja kusinzia walikuwa wanaamka. Aliolewa na Sebahire, mubeba mizigo wa bandarini, mwanaume mupole mwenye maneno machache hata ukimukanyaga muguu. Mwaka wa hamsini na moja wakaja Goma, wakajenga Murara, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Mutoto akakawia. Majirani wakaanza kumuangalia tumbo badala ya uso. Halafu akazaliwa Laurent, na kuanzia pale jina lake la kila siku likawa Mama Laurent. Ukimuita hivyo, anageuka na shingo yote.

Shule ya parokia ilikuwa na mwalimu mumoja, monitere Barthélemy, kijana mwembamba wa miwani. Alikuwa anatunga teatre za kuimba. Humo mutu hasemi: akikasirika anaimba, akinunua viazi anaimba. Siku zile, mama wa teatre alikuwa mwanaume aliyejifunga kitambaa kichwani, na watu wanacheka mpaka wanasahau hadithi. Barthélemy akachoka na kile kicheko. Akaenda kwa Sebahire na pombe ya ndizi, akakaa, akaomba bibi yake Apolline aimbe. Mama mukwe kule Masisi alipopata habari, alilalamika kama ameibiwa ng'ombe. Sebahire alisema neno moja tu: "Aimbe." Ndiyo maana yule mwanaume sijamusema vibaya mpaka leo.

Teatre yenyewe ilikuwa ya mama mumoja wa mwaka wa njaa. Anatoka kutafuta chakula, anarudi, anakuta mutoto wake amekufa. Hapo Apolline alikuwa anapiga magoti, ameshika ile ngozi tunayobebea watoto mugongoni, ngozi ya Laurent mwenyewe, tupu, na anaanza kulia. Hakikuwa kilio cha kubuni. Ni kile cha kwetu, cha mama aliyefiwa, kinaanzia tumboni na kupanda mpaka nywele zinasimama. Watu walitoka Rutshuru, walitoka Gisenyi, kuja kukisikia. Wanawake walikuwa wanalia kweli, wanaume wanajifanya wanapenga kamasi. Kila sikukuu walimudai. Njiani, hata watu wenye hawakumujua uso, walikuwa wanaonyeshana kidole: ndiye yule, yule wa kilio.

Sasa sikiliza vizuri. Kwetu kilio ndicho habari yenyewe. Hakuna mutu anatumwa kugonga mulango kusema kuna kifo. Mama analia, jirani anaacha chungu motoni, anakimbia. Na Barthélemy alikuwa amemuambia Apolline azoeze sauti kila asubuhi, isije ikamukatika mbele ya watu. Basi alikuwa anazoeza nyumbani, kazi za mikono zikiendelea. Mara ya kwanza Murara yote ilikimbia, ikamukuta anapepeta maharagwe, Laurent yuko chini anacheza na makapi. "Pole, mama zangu, ni teatre tu!" Kesho yake wakakimbia tena. Nyiramahirwe, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamugombeza: "We Mama Laurent, usimulilie mutoto mwenye anapumua! Unaita nini?" Apolline akacheka, akamukumbatia. Wakazoea. Ikafika wakati kilio kinapanda asubuhi na mama mumoja anamuambia mwenzake: "Leo ameamka na sauti nzuri."

Mimi nilifika Murara mwaka wa hamsini na sita, kutoka Kibumba, na viazi vyangu vya kuuza. Nilikuwa mugeni kabisa. Teatre sikuijua, Apolline sikumujua. Ulikuwa musimu wa surua. Ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja niko namwaga viazi kwenye kikapu, nikasikia kilio. Yoo! Viazi vikaenda huko, mimi nikaenda huku. Kwenye njia kulikuwa na wanawake wameketi wanachambua mboga. Wakaanza kucheka.

"We mugeni, rudi! Ni teatre hiyo!"

"Teatre ni kitu gani?"

"Anazoeza tu. Kila siku ni vile."

Nikasimama kidogo, nikasikiliza. Mimi kilio nakijua, nilishazika wawili. Nikawaambia, "Chekeni basi," nikaenda.

Nilimukuta kwenye sakafu na Laurent mapajani. Mutoto alikuwa na madoa ya surua mwili wote, na macho yamefungwa vibaya, nusu. Sebahire alikuwa ameenda bandarini alfajiri, joto la mutoto likiwa limeshuka kidogo. Sauti ya Apolline ilikuwa imekwisha. Alilia tangu jua kutoka, alilia mpaka ikabaki pumzi peke yake. Akaniangalia, mutu mwenye hajawahi kumuona.

"Umetoka wapi, mama? Wengine wako wapi?"

Nikasema, "Wanakuja."

Nikakaa naye. Nikamushikia mutoto, nikamufunga macho vizuri. Hakuna aliyekuja. Tulikuwa tunawasikia kule nje, wanachambua mboga, wanaongea bei ya chumvi. Nilipotoka kuwaambia, Nyiramahirwe akaangusha kisu. Kumbe yeye ndiye alisikia wa kwanza, toka asubuhi, kupitia ule ukuta.

Walikuja basi, vichwa chini, mumoja mumoja. Lakini nani angethubutu kulia? Kila mumoja alimeza chake kwa haya. Tulimuzika Laurent jioni. Udongo wa Goma ni mawe, wanaume walichimba kwa vyuma, na hicho ndicho kitu kilisikika peke yake: vyuma vinagonga mawe. Katekista akasema sala, tukarudi. Halafu midomo ikaanza. Eti alimuitia mutoto kifo mwenyewe. Eti ile ngozi tupu. Upuuzi mutupu! Surua iliua watoto Murara yote, na mama zao hawakuimba hata siku moja. Nilipigana na mwanamuke mumoja pale kisimani kwa ajili ya hayo maneno, na sijutii.

Nyiramahirwe alikuwa anaweka uji mbele ya mulango wa Apolline na kuondoka bila kubisha.

Noeli ilipokaribia, mapadri walikuwa na mugeni mukubwa, na waliitaka ile teatre. Barthélemy alikuja mwenyewe, akalia mbele yetu, miwani mukononi. Akasema ataifuta. Apolline akamuambia, "Usifute. Nitakuja."

Barthélemy alipotoka, nilimurukia. "Una wazimu, Mama Laurent? Uwafanyie tena muchezo, hawa?"

"Mukashyaka, mutoto wangu hakuliliwa. Alienda kama kuku. Mimi nilimulilia peke yangu, na mama peke yake hatoshi."

Sikumuelewa. Nilienda tu kwa sababu singemuacha aende peke yake.

Sale, ule ukumbi wa parokia, ilijaa mpaka madirishani. Mbele kwenye viti, mapadri, yule mugeni wao, na wazungu wa plantasyo, yale mashamba yao makubwa, na bibi zao. Nyuma kwenye mabenchi, Murara yote. Apolline aliimba vizuri, Mungu wangu, aliimba vizuri sana, mpaka akafika pale mama anarudi nyumbani. Akapiga magoti. Akachukua ile ngozi. Akafungua kinywa.

Akakifunga.

Alikaa vile, anatuangalia. Si wale wa mbele, sisi wa nyuma. Barthélemy pembeni alimunong'oneza maneno ya kuanzia. Apolline hakutikisika. Nikataka kupanda nikamutoe.

Ndipo Nyiramahirwe alisimama. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Laurent weee! Laurent mwana wetu weee!" Halafu wale wa mboga, halafu yule niliyepigana naye kisimani, halafu benchi lote, sale nzima ya nyuma, kilio kimoja, kile chenye walimeza tangu siku ile. Sebahire, mwanaume wa maneno machache, aliinama akalia kwa sauti. Na mimi nilimulilia Laurent, niliwalilia na wangu wawili wa Kibumba.

Wale wa mbele wakasimama, nyuso zimechangamka. Wakapiga makofi. "Bravo! Bravo!" Waliona ni teatre.

Apolline alishuka katikati ya makofi yale, akapita kando yao, akanifikia.

"Mukashyaka," akasema, "ulisema kweli. Wamekuja."

Akajifunga ile ngozi mugongoni, tupu vile, tukarudi nyumbani. Hakuimba tena, hata kanisani.