Fundi Sikio na Mpira wa Hewa

Walimwita Fundi Sikio kwa sababu kwa miaka arobaini hakugusa spana kabla ya kuinamia injini na kuisikiliza. Sasa alikuwa mzee wa kushinda barazani kwenye kiti cha plastiki, akiuliza saa kila baada ya dakika tano. Maradhi ya kusahau yalikuwa yakimnyang'anya kidogo kidogo: kwanza majina ya wateja, kisha njia ya gereji, kisha kifo cha mkewe. Hicho alikuwa akiambiwa upya na kukilia upya, hadi bintiye akaona afadhali aseme tu kwamba mama ametoka kidogo. Mwisho akamsahau na binti mwenyewe.

Binti huyo, mwanawe wa pekee, alikuwa karani wa shule. Alinunua gari kuukuu kwa mwalimu mmoja aliyestaafu ili ampeleke baba yake kliniki, maana kwenye basi mzee alikuwa akiogopa watu na kulia. Wiki ya tatu tu, taa ya injini ikawaka, ya njano, ikagoma kuzimika. Kila aliposimama njia panda, gari lilitetemeka kama lina homa.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akasema sensa ya injini, kile kifaa cha kupima hewa, imekufa, akaibadilisha. Taa ilizimika siku mbili, ya tatu ikarudi. Wa pili akabadilisha plagi, na taa haikujali hata kidogo. Karani akakiri moyoni kuwa gari lililotumika ni kama nguo ya mtumba: tundu hulioni mpaka umeshavaa.

Jumamosi moja asubuhi aliacha gari linaunguruma uani, akaingia ndani kuchukua kadi ya kliniki. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Baba yake alikuwa amefungua boneti, ameinama, kichwa kakiinamisha upande. Akaomba bisibisi bila kugeuka. Alilegeza bano moja, akaukunja ule mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, na upande wa chini ufa ukajifungua kama mdomo.

"Mama, wamekubadilishia vitu bure," alimwambia bintiye, kwa ile heshima aliyowawekea wateja. "Mpira umepasuka huku chini, wasikochungulia. Injini inavuta hewa ya wizi."

"Asante, fundi," alijibu karani.

Mzee akajifuta mikono kwenye shati lake safi. Kisha, kama fundi anayepiga soga na mteja, akamweleza kwamba yeye pia ana binti, na binti huyo ana sikio kumshinda baba. Alikuwa na miaka kumi na minne tu alipoisikia beringi mbovu ya gurudumu kabla ya baba kuisikia. Akaomba afundishwe kazi. Baba akamkatalia mbele ya mafundi wenzake, nao wakamcheka mtoto mpaka akakimbia.

Karani aliikumbuka siku hiyo vizuri. Tangu hapo hakuwahi kukanyaga gereji.

"Kwa nini ulimkatalia?" aliuliza.

"Niliogopa maneno ya watu. Nilimkosea mwanangu yule."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia akirudi kutoka shule," alisema mzee, akarudi kwenye kiti chake. Hakuchukua muda akauliza ni saa ngapi.

Siku hiyo kliniki hawakwenda. Karani alitafuta mpira mpya, akaufunga mwenyewe, baba yake akimtazama kama mtu anayemtazama mpita njia. Baada ya siku chache za kuendesha, taa ikazimika. Alipompa habari, mzee aliuliza taa ipi.

Alifariki mchana mmoja, miezi minne baadaye, amelala. Mafundi wa zamani walikuja msibani na suruali zao za Ijumaa, kucha bado nyeusi kwa oili. Mmoja wao, mzee mwenye kikohozi, alimvuta kando karani, akamwambia kwamba marehemu alikuwa akimsifu sana pale gereji, tena miaka na miaka, akisema mwanangu angenipita kwa ufundi.

"Hakukwambia?" aliuliza.

"Aliniambia," alijibu karani.

Akaomba radhi, akaingia jikoni kutazama chai. Walipoona amekawia, shangazi yake alimfuata, akamkuta amesimama mbele ya jiko, chai imefurika na kuzima moto, naye analia bila sauti. Shangazi alichukua kitambaa akaanza kufuta.