Kitambaa cha Wifi

Wifi yangu alipoiona meza kuukuu niliyoinunua mnadani Bunda, imepakwa bluu juu ya kijani, alicheka. "Wifi, kuni tunanunuaga zimeshapasuliwa!" Akaahidi kunifumia kitambaa cha kuifunika, wageni wasiione.

Alipoondoka, nikashika kipande cha kioo. Nilikwangua rangi, nikapiga msasa mpaka mabega yakawaka moto, na chini ya rangi zote nikakuta mbao ya mninga mtupu. Nikaipaka vanishi, ikang'aa.

Jumapili wifi akaja kwangu Nyasho na kitambaa chake, akakitandika mezani kabla hata ya kuketi. Tukinywa chai, nikamwona anainua pembe, anachungulia. Kisha akainua nusu. Mwisho akakikunja chote, akakirudisha mkobani.

"Hiki," akasema, "acha nikafunike ya kwangu."