Mbeba Bunduki Ambaye Hakutoroka

Jumanne iliyopita, muda mfupi baada ya swala ya adhuhuri, nilipigiwa simu na dada mmoja Mkenya ambaye ni mpishi katika nyumba ya tajiri mmoja upande wa Al-Suwaidi, hapa Riyadh. Aliongea kwa sauti ya chini kwa sababu madam wake alikuwa chumba cha pili. "Kaka, pole," alisema. "Yule mzee wa bunduki ametuacha. Ni leo asubuhi, huko kwa room yake Manfuha. Siwezi ongea sana, lakini nimeona wewe ndio uambiwe wa kwanza, juu mlikuwa marafiki." Nilimshukuru, akakata simu. Nilikaa mezani pangu na hati ya ndoa ya watu nisiowajua, niliyokuwa nimeitafsiri nusu, na sikuweza kuiendeleza. Dada yule hakujua kwamba kati ya watu wote waliomfahamu marehemu katika mji huu, mimi ndiye niliyestahili kuambiwa wa mwisho.

Wasomaji wa safu hii wa siku nyingi wanajua kwamba riziki yangu huku ni kutafsiri karatasi za watu. Ndivyo nilivyokutana naye. Alikuwa Mtanzania wa upande wa Arusha, mwembamba, wa makamo, shati lake limechomekwa vizuri na kalamu mfukoni. Zamani alikuwa mtunza silaha katika kambi moja ya uwindaji huko nyumbani. Kazi yake ilikuwa kusafisha bunduki za wageni jioni na kuzikabidhi asubuhi. Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa Riyadh, alipendezwa na mikono yake akamleta huku. Kwenye ikama yake, kibali cha kuishi huku, waliandika kwamba yeye ni dereva wa nyumbani, maana hiyo ndiyo viza iliyopatikana, ingawa gari aliliendesha kwa shida na kwa kuombewa. Kazi yake halisi ilikuwa moja tu. Kila msimu wa uwindaji, bosi na jamaa zake walipokwenda Tanzania, yeye ndiye aliyesafiri na bunduki.

Siku ya kwanza aliniletea vibali vitatu nivitafsiri kwa Kiarabu. Aliporudi kuvichukua hakuvitia kwenye bahasha kama wateja wengine. Alikaa akazisoma namba za kila bunduki, moja baada ya nyingine, kidole chake kikifuata mstari. Halafu akanigeuzia karatasi. "Mwalimu," alisema kwa upole, "hapa umeandika sita. Bunduki yetu ina mbili." Nilitazama nikaona aibu. Mbili na sita za Kiarabu zinafanana kwa anayeandika haraka, moja imegeukia kulia na nyingine kushoto, na mimi nilikuwa nimeandika haraka. Alinieleza bila kunilaumu kwamba namba moja ikitofautiana na ile iliyochongwa kwenye chuma, polisi wa uwanja wa ndege anaifungia bunduki stoo, na mwindaji aliyekwisha kulipia porini anakwenda kutazama swala kwa darubini. Nilirekebisha. Tangu siku hiyo hakupeleka karatasi zake kwa mtafsiri mwingine, na mimi sikuandika tena mbili kwa haraka.

Mwaka mmoja tuliondoka pamoja kupitia Jeddah, mimi nikienda likizo, yeye akienda kazini. Bosi na jamaa zake walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa wenye uwezo, yeye yuko kwenye foleni yetu na masanduku matatu marefu ya plastiki ngumu, kila moja na kufuli mbili. Watu walijitenga naye. Alipofika kaunta alitamka mwenyewe kabla hajaulizwa kwamba amebeba silaha za kuwindia, akaomba aitwe askari. Askari alipokuja aliyafungua masanduku moja moja, akaonyesha kwamba bunduki ni tupu na kwamba kile chuma cha kusukumia risasi kimechomolewa na kufungwa kwenye kitambaa pembeni. Risasi zilikuwa kwenye kasha lake la peke yake, zimehesabiwa na kupimwa uzito. Yule askari alisoma namba kwenye kibali na yeye akaitika kwa kichwa bila kutazama bunduki, kama mzazi anayesikia majina ya wanawe. Bibi mmoja wa Mombasa aliyekuwa anarudi kutoka umra alimuuliza kama anakwenda vitani. Akajibu, "Mama, mimi nabeba tu. Hata kuku nachinjiwa."

Ndani ya ndege aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Kila mwaka alifika nchini kwake, na kila mwaka hakufika nyumbani. Bunduki za mgeni haziachwi peke yake kambini, na kambi iko mbali na kwao kwa mwendo wa siku nzima. Kwa hiyo mkewe alizoea kumfuata uwanja wa ndege siku ya kuwasili. Walikuwa wanapata kama saa moja na nusu, wakati vibali vinakaguliwa, wanakaa kwenye benchi la nje wakila chapati alizozifunga mke kwenye khanga. Alisimulia bila huzuni. Aliona ni bahati, maana wenzake wengine huku wanakaa miaka minne au mitano bila hata hilo benchi.

Sasa nije kwenye lililomfika. Ilikuwa safari ya kurudi, miezi kumi na minane iliyopita. Walishuka Jeddah kubadilisha ndege ya kuja Riyadh. Bunduki zilikuwa zimekaguliwa na kupita. Lakini bosi alikuwa amemwachia kizibao chake cha kuwindia, kile chenye mifuko mingi, kwa sababu kililowa mvua siku ya mwisho porini naye hakutaka kiharibu nguo zake. Marehemu alikiweka kwenye begi lake la mkononi. Mashine ya ukaguzi ikaonyesha risasi moja nzima kwenye mfuko wa ndani. Kwa namna ambayo hatutaijua, ilikuwa imepita kule walikotoka. Askari aliuliza kizibao ni cha nani. Marehemu akasema, "Ni changu."

Aliwekwa kando. Alipopata ruhusa ya simu alimpigia bosi, ambaye alikuwa upande wa pili wa ukuta akisubiri kuitwa ndegeni. Bosi alimwambia, "Yalla, kaa hapo hapo, namtuma mtu." Ndege ya Riyadh iliondoka na bosi na jamaa zake na bunduki zote tatu. Mtu hakutumwa. Kwenye maelezo ikaandikwa kwamba dereva wa nyumbani amekutwa na risasi ambayo hana kibali nayo wala sababu ya kuwa nayo, na kwa karatasi zilizokuwepo, kila neno lilikuwa kweli.

Wiki ya tatu ya kukaa kwake mahabusu, kazi ilinipeleka Jeddah na niliomba nimwone. Nilipewa dakika chache, nikaandikisha jina langu na namba ya ikama yangu mlangoni. Alikuwa amekonda, lakini shati bado amelichomeka. Nilimuuliza kwa nini alisema kizibao ni chake. "Mwalimu, miaka kumi na moja nimesema mzigo huu ni wangu kwenye kila kaunta. Siku ile ulimi ulijisemea wenyewe. Halafu nilijua bosi atasema ni chake." Kisha akaniuliza kama bunduki zilifika salama, maana moja ilikuwa na darubini iliyolegea na hakuna mwingine aliyejua kuishika. Yule dada mpishi wa nyumba ya bosi alikuwa amekwisha kuniambia kwamba zilifika, na kwamba ameajiriwa mtu mwingine wa kuzitunza.

Aliachiwa baada ya miezi minne, akaambiwa arudi Riyadh kwa kafili wake, yaani bosi aliyemdhamini, akamalizie karatasi za kuondoka nchini. Alikwenda moja kwa moja Al-Suwaidi. Mlinzi aliyekuwa anakunywa naye chai kila siku alimwambia kupitia kitobo cha geti kwamba bosi mafi, hayupo, amesafiri, na pasipoti mafi. Alikwenda mara nne. Mara ya tano mpishi alimtolea begi lake la nguo na habari, kwamba wiki ya tatu ya kukamatwa kwake bosi aliandikisha serikalini kuwa dereva wake ametoroka kazini. Wiki ya tatu. Wakati huo alikuwa ndani ya chuma cha serikali hiyo hiyo, akihesabiwa asubuhi na jioni.

Wengi tulimshauri ajisalimishe kituo cha kurudisha watu makwao. Angepigwa alama za vidole, angekaa siku kadhaa, angepandishwa ndege. Alikataa. Alisema, "Nikienda kule nitasaini kwamba nilitoroka. Sikutoroka." Sisi tuliona ni ukaidi wa mtu mzima. Leo naona kwamba mtu aliyeishi kwa kuhakikisha karatasi inasema sawasawa na chuma hangeweza kuweka sahihi yake kwenye uongo, hata kama uongo huo ndio mlango pekee. Akapata chumba Manfuha na Watanzania wengine watatu, wote bila karatasi. Mchana alikwenda Al-Dirah kusafisha na kurekebisha cherehani za mafundi wa Kipakistani, na walimpenda, kwa sababu cherehani aliyoifungua yeye ilirudi ikiwa nyepesi. Sukari aliyokuwa nayo tangu zamani ikapanda. Mguu ukapata kidonda.

Ni katika kipindi hicho alikuja ofisini kwangu kwa mara ya mwisho. Alisimama mpaka nilipomwambia akae. Alikuwa amegundua jambo rahisi ambalo sote hatukuliona. Shauri la kutoroka lilikuwa na tarehe ya siku zile zile alizokuwa mahabusu, na mimi nilikuwa mtu pekee mwenye ikama halali niliyemwona kwa macho yangu akiwa mahabusu, tena jina langu limo kwenye daftari la mlangoni. Aliomba niandike barua ya ukurasa mmoja na niende naye ofisi ya kazi kuithibitisha. Aliomba kama mteja, siyo kama rafiki. Alisema anajua nina watoto wanaosoma.

Nilimwambia nitafanya. Nilimshirikisha mwenye ofisi yetu, ambaye ndiye kafili wangu, na yeye hakupandisha sauti. Aliniambia nisiingie mambo ya watu, kwamba mfanyabiashara yule anajulikana, na kwamba ikama yangu inaisha mwezi ujao. "Halas, basi," akasema, akarudi kwenye simu yake. Nikamwambia marehemu asubiri Ramadhani ipite. Ilipopita nikamwambia asubiri ikama yangu itoke. Ilipotoka sikumtafuta. Yeye naye hakunipigia tena, na nilijidanganya kwamba pengine mambo yake yamenyooka. Wenzake wa chumbani wamenieleza kwamba barua aliitaja mara mbili tu, na mara zote mbili alisema mwalimu ana shughuli nyingi. Hospitali hakwenda, kwa sababu mapokezi wangemdai ikama kwanza. Walimfunga kidonda kwa kitambaa na kumpa dawa za dukani, mpaka Jumanne.

Alhamisi nilikwenda kwa wasaidizi wa bosi kuomba karatasi ya kumzikia. Nilijiandaa kwa vita. Nilipewa kiti, nikapewa kahawa, na kabla ya saa sita karatasi ilikuwa mkononi mwangu, imepigwa muhuri na kutiwa sahihi. Kwa mwaka na zaidi mtu yule alitafuta sahihi hiyo akiwa hai. Kwenye nafasi ya kazi waliandika dereva. Kijana aliyeniandikia alisema kwa adabu kwamba bosi anampa pole mkewe, na kwamba alikuwa mtu mwaminifu. Sijui kama alielewa alichokisema. Tulimswalia alasiri ya siku hiyo, pamoja na maiti wengine wanne na umati wa watu ambao hawakujua ni nani wanayemwombea, tukamzika katika safu ndefu ya makaburi yasiyo na majina, kama ilivyo desturi hapa. Bosi hakuja. Yule dada mpishi hakuruhusiwa kutoka.

Mkewe alinipigia Ijumaa. Hakulia, au alikuwa amekwisha kulia. Aliuliza alikufa na nguo gani, na kama aliandikiwa chochote. Halafu akauliza lililomfanya apige. "Shemeji, hao watu wa huko wanajua kwamba hakutoroka?" Nilimwambia wanajua. Hakuna anayejua. Kwenye kompyuta ya serikali, marehemu ni mtoro mpaka leo, na sheria haina sababu ya kumfutia maiti shauri lake.

Huwa naimaliza safu hii kwa kuwaachia wasomaji jambo la kushika, hasa vijana wanaoniandikia kuuliza waje huku au wasije. Safari hii sina ushauri wa kumpa mwenye kuondoka, kwa kuwa marehemu alifanya kila tunachowaambia mfanye. Alisoma karatasi zake, alitii, alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote, na hayo hayakumsaidia. Nililonalo ni somo dogo la mtu aliyebaki, nalo ni hili. Ushahidi una siku yake. Ukiombwa useme ulichokiona, sema siku hiyo hiyo, ungali na hofu, kwa sababu hofu haiishi na mwenzako ataisha. Siku ikikupita, kitakachobaki mkononi mwako ni makala kama hii, ambayo haimtoi mtu mahabusu, haimrudishi kwa mkewe, na ambayo mwandishi wake, akiwa na ikama mpya mfukoni, bado hathubutu kuandika ndani yake hata jina la aliyemzika.