Mti Uliomwangukia Naftali

Naftali wa Kinyangiri alivunjwa mkono wa kulia mwaka 1949, katika kambi ya wakata kuni za treni karibu na Itigi. Aliyemvunja ni mnyapara wake, Ignas. Siku hiyo Ignas alikataa kumtilia alama kwenye kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi, akidai amekata kuni chache. Naftali alipobisha, Ignas alimpiga begani kwa mpini wa shoka, kisha kwenye kiwiko, na akazidi kumpiga akiwa chini mpaka mfupa ukatokeza nje ya ngozi.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Tajiri mwenye kambi hakumtaka tena, akamfukuza. Wiki moja baadaye karani Alphonce alifika kibandani kwa Naftali na karatasi, wino, na habari ya kiinua mgongo: mshahara wa miezi mitatu. Ignas alikuwa nyuma yake.

"Tia dole gumba hapa, ndugu yangu, uchukue chako," alisema Alphonce.

Yunisi, mkewe, mjamzito wa miezi saba, alimvuta mumewe kando. "Baba Lea, pokea. Ukienda kushtaki bomani Manyoni utarudi na nini? Unga uliobaki ni wa leo."

"Nikipokea, nani atasema kwamba mtu huyu alinivunja?"

"Mimi najua. Haitoshi?"

"Haitoshi, Mama Lea."

Hata hivyo alilitazama tumbo la mkewe, moyo ukalegea. "Haya, karani, nisomee kwanza."

Alphonce akasoma: "Mimi, Naftali, niliangukiwa na mti kwa uzembe wangu. Nimeridhika, wala sina madai kwa mtu yeyote."

"Mti gani?"

"Mti tu. Wa porini."

Naftali alicheka mpaka akakohoa. Pori lile ni vichaka vilivyosongamana, vijiti vyembamba ambavyo wakata kuni walivibeba mafungu kwa mafungu. "Karani, wewe umekuja juzi kutoka pwani? Mti wa kumvunja mtu mzima uko wapi hapa? Nipeleke nikauone, nitautia dole wenyewe!"

"Labda aliangukiwa na ufagio," alisema Yunisi.

Ignas hakucheka. Alimrukia Naftali, akamkaba koo, akamwangusha chini na kumshika gumba la kushoto. "Utatia, mbwa wewe! Karani, leta wino!"

Alphonce alisogeza wino. Gumba lilikwisha kuwa jeusi Naftali alipoling'ata sikio la Ignas mpaka damu ikamjaa mdomoni. Ignas akamtwanga ngumi za uso, jino likang'oka. Yunisi akanyakua mchi, akamtandika mgongoni mara moja, akarudia. Pigo la tatu lilitua begani, na Ignas akabingirika pembeni akilia.

Naftali akaiokota karatasi. Haikuwa na alama yoyote. "Hii hairudi," alimwambia karani. "Mmeandika uongo wenu kwa mkono wenu. Bwana Shauri wa bomani ataisoma."

"Na fedha je?"

"Mpe mti."

Mchana ule ule alishika njia ya reli kuelekea Manyoni, karatasi kifuani, akitema damu kwenye mataruma. Hakujua kama mkuu wa wilaya angemsikiliza. Yunisi alibaki mlangoni, mchi mapajani, akimtazama Ignas mpaka mnyapara huyo naye alipoondoka.