Neno Lililomtangulia Katapila Uwanjani

Edah alianza kushuku siku ile mwanawe Isaiah alipomega obusuma, akauchovya kwenye mboga, na kusema bila kumwangalia, "Mama, huyu ndume amefika kilele."

Si habari yenyewe iliyomshtua. Maneno ya kumuuza Katapila alikuwa akiyasikia tangu mumewe, Osiako, azikwe. Kilichomshtua ni hilo neno. Isaiah alikuwa mtu wa bodaboda pale Khayega, na maneno yake yote Edah aliyajua, kwa sababu mengi ni yeye aliyempa. Hilo la kilele hakumpa. Katika boma lao mnyama akizeeka walisema amezeeka, akichoka walisema amechoka, basi.

"Amefika wapi?"

"Kilele, Mama. Pale juu kabisa. Kutoka hapo ni kushuka tu. Mtu mwerevu anauzanga mnyama akiwa bado juu."

"Na wewe ulimwona akipanda?"

Abigail, mke wa Isaiah, alichekea ndani ya kikombe. Isaiah hakucheka. Alikula haraka kama mtu aliyetumwa na ambaye amemaliza kazi aliyotumwa.

Katapila alikuwa fahali wa kupigana. Siku ya mashindano watu wa upande ule huacha mashamba yao kukiwa na umande, wakafuata ngoma za isukuti mpaka uwanjani, mafahali wawili wakapambanishwa mbele ya umati. Anayegeuka kwanza ndiye ameshindwa. Katapila hakuwa amewahi kugeuka. Osiako alimlea tangu akiwa ndama wa miguu myembamba, akamtunza mpaka jina la Osiako mwenyewe likapotea, watu wakamwita Baba Katapila. Edah naye alisema mbele ya kaburi, na watu walisikia: fahali huyu atakufa kwa uzee katika boma hili, hatakufa kwa kisu. Akiuzwa, ataenda buchani tu. Fahali wa kupigana hanunuliwi na mtu anayetaka kulima.

Lakini fahali bila sifa hapigani. Kazi ya sifa ilikuwa ya Mathew, mtoto wa kaka yake Edah, aliyemwita shangazi yake kwa jina la kwao: Senje. Kila jioni Mathew alikuja na mabua ya mahindi mabichi, akasimama mbele ya zizi na kuimba: Katapila anayefungua barabara, Katapila asiyeuliza mto una kina gani. Aliimba huku akimlisha. Mnyama akaizoea ile sauti kiasi kwamba angeacha majike, angeacha nyasi, angetoka hata mvuani akaifuata.

Sasa mashindano na fahali wa Shinyalu yalikuwa Jumamosi. Na kabla ya Jumamosi, kila mahali Edah alipopita, lile neno lilikuwa limefika kabla yake.

Abigail alilisema akichambua mboga. Jirani alilisema mtoni, tena kwa huruma, kama anayetoa pole. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono: "Dada Edah, mnyama akifika kilele hata Mungu hawezi kukulaumu." Edah akamtazama mdomo. Mzee huyo hakuwahi kukanyaga kwake tangu matanga. Kilele amekiona lini?

Watu wengi hawaoni ajabu midomo mingi ikisema jambo moja. Wao husema, kama wote wanasema, basi ni kweli. Edah alikuwa na kichwa chake. Watu wakiona kitu kwa macho yao, kila mmoja hukisema kivyake: huyu atasema mguu, yule pembe, mwingine pumzi. Wakisema kwa maneno yaleyale, hakuna aliyeona. Wamelishwa na mkono mmoja.

Alimshuku Cornelius, dalali wa ng'ombe, ambaye alikuja na viatu safi na kukaa kabla ya kukaribishwa.

"Mama Isaiah, mimi sikulazimishi. Lakini kilele—"

"Ulilitoa wapi hilo?"

"Lipi?"

"Hilo unalotaka kunilisha."

Cornelius akacheka mpaka akashika goti. "Mama, wewe ni moto! Si Mathew mwenyewe anasema? Na nani anamjua huyu ndume kuliko Mathew?"

Edah alisimama akafagia pale pale Cornelius alipokuwa ameweka miguu yake, mpaka dalali akaelewa kwamba chai haipo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda zizini kumtazama mnyama. Akaona nundu imelala kidogo. Akaona ngozi ya shingo inaning'inia. Akaona macho hayana ule moto. Akasema moyoni, kweli ameanza kushuka. Halafu akajiuliza: kushuka kutoka wapi? Jana nundu ilikuwa vipi? Hakukumbuka. Juzi je? Alikuwa amemwona mnyama huyu kila siku na hakuwahi kumpima nundu. Leo alikuwa anampima kwa sababu neno la watu lilimwambia atazame wapi. Limeingia, akasema. Limeingia hata mimi. Akatema mate chini, akaenda kwa Mathew akiwa hata hajafunga kitambaa vizuri.

Mathew alikuwa akikaza ngozi ya ngoma. Alimpa kiti, akampa na sauti tamu.

"Senje, nani amekukasirisha?"

"Kwa nini unasema fahali wangu anashuka?"

"Mimi? Senje, mimi ni mtoto wako. Nilisema tu tumfikirie. Tumheshimu. Unajua watu wanasahau haraka. Leo wanashangilia, kesho wanazomea. Nataka aondoke na jina lake."

Maneno mazuri. Edah aliyasikiliza yakipita, akaona kwamba hakuna hata moja analoweza kulipinga, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Jumamosi utaimba?"

"Kifua kinanibana kidogo, Senje. Tutaona."

"Kifua kinakubana na mdomo uko wazi hivyo?"

Mathew akacheka. Jioni hiyo hakuja na mabua, wala jioni iliyofuata. Isaiah alimsihi mama yake aache mashindano, wampe Cornelius mnyama mapema. Edah akamwambia: "Apigane. Akigeuka, mchukue, sitafungua mdomo. Asipogeuka, nisisikie tena hiyo kilele yenu ndani ya nyumba yangu." Isaiah akakubali.

Jumamosi Isaiah ndiye aliyemwongoza Katapila, kwa ngoma ya kuazima na waimbaji ambao walikosea hata jina la baba wa fahali. Edah alisimama pembeni ya uwanja na wanawake. Cornelius naye alikuwepo, na kamba mpya begani. Upande wa pili watu wa Shinyalu waliingia na fahali mwekundu, kifua kama mlango wa kanisa, na mbele yake mwanamume wa kofia akipiga isukuti kichwa kikiwa chini.

Mafahali walikutana. Vumbi likapanda. Katapila aliingiza pembe chini, akasukuma, na yule mwekundu akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Edah hakupiga. Alikuwa akimtazama mwenye kofia.

Mwenye kofia akainua kichwa, akaimba. Katapila anayefungua barabara! Katapila asiyeuliza mto una kina gani!

Alikuwa Mathew, na kifua chake hakikuwa na neno.

Katapila alisimamisha masikio. Akatoa pembe zake taratibu, kama mtu anayeacha mazungumzo kwa sababu ameitwa mezani, akamgeuzia mwekundu ubavu, akaelekea kwa Mathew akinyoosha shingo kutafuta mabua.

Uwanja ulilipuka. "Amegeuka! Amekimbia!" Watu wa Shinyalu wakambeba fahali wao kwa nyimbo. Cornelius alikuwa tayari ameshafika, anafungua kamba. "Amekimbia, Isaiah. Dunia nzima imeona. Si tulisema, kilele—"

Edah alikuwa ameahidi kutofungua mdomo, na alikuwa mtu wa neno lake hata pale lilipomchoma. Alibana midomo. Na hata angesema, nani angesikia? Wangesema ni kikongwe anayelilia marehemu.

Isaiah alimtazama fahali, ambaye alikuwa bado ananusa mikono mitupu ya Mathew. Alitazama muda mrefu. Kisha akaisukuma kamba ya Cornelius.

"Hajakimbia."

"Wee! Umeona mgongo wake."

"Nimeona anakwenda, sijaona anakimbia. Ameitwa. Yule pale amemwita, kwa nyimbo za zizi la baba yangu." Sauti yake ilipanda. "Mathew! Toa kofia watu wakuone! Wamekupa ngapi? Uliza yeyote hapa, ndume akiitwa na anayemlisha, huko ni kushindwa?"

Watu wakaanza kubishana. "Ameitwa," mmoja akasema. "Ni kweli, ameitwa." Mathew akasonga nyuma ya wenzake wa Shinyalu. Cornelius akakunja kamba yake, akasema ataongea na Isaiah kesho, na Isaiah akamwambia kesho hana nafasi, wala kesho kutwa.

Walirudi nyumbani na Katapila katikati. Njiani Edah aliwasikia watu waliotoka uwanjani wakiwaambia waliobaki mashambani: ameitwa, hajakimbia, ameitwa. Neno lilikimbia kutoka mdomo hadi mdomo, lilelile, bila kubadilika. Safari hii lilikuwa la kweli, na lilikuwa upande wake. Lakini aliona linakwenda kwa miguu ileile, na wanaolibeba hawaliulizi lilikotoka, na hilo halikumpendeza.

Walipofika Edah hakumrudisha mnyama zizini, alimfunga kwenye nguzo karibu na mlango wa jiko lake.

"Mama, mimi si nimekusimamia?" Isaiah akauliza. "Bado huniamini?"

"Umesimama leo," Edah akasema, akikaza fundo. "Lete mabua. Kuanzia sasa nitamlisha mimi, bila wimbo, mdomo nimefunga."