Sindano ya Mgongo Niliyoikataa

Nakumbuka siku hiyo, mwanangu. Kaka yangu Salumu, kuli wa bandarini Kurasini, alikuwa amelala wodini, wiki ya tatu kichwa kinamuuma. Mwanga ulimtesa, shingo haikuinama, na asubuhi hiyo aliniita kwa jina la mama yetu, ambaye tulikwisha kumzika.

Daktari, mama wa makamo, akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, kaka yako ana ukimwi, na nahofia fangasi wameingia kwenye ubongo. Nataka kumchoma sindano ya mgongo nitoe maji. Tutajua ni nini, na kichwa kitamwachia kidogo."

"Dawa ipo?"

"Ya kutafuta. Wengine wanapona, wengine tunawapoteza. Sikudanganyi. Ila bila kupima sina pa kuanzia."

Kwetu Temeke kila mtu alijua kwamba mgonjwa akichomwa mgongo, kinachofuata ni sanda. Tuliwataja kwa majina waliochomwa wakafa. Hakuna aliyeuliza walifikishwa hospitali wakiwa katika hali gani! Wazazi wetu hawapo, neno lilikuwa langu, na mie nilijiona mjanja.

"Kaka yangu hachomwi. Namrudisha nyumbani."

Salumu alisikia. Akanishika mkono. "Mwanaidi, waache wanichome. Kichwa kinapasuka."

"Nyamaza kaka, homa hiyo inasema."

Nyumbani tukamsomea, tukamfukiza ubani. Siku ya tano akashikwa na degedege, macho hayaoni. Nikamrudisha mbio, nikamwangukia yule daktari miguuni: mchome! Akamchoma. Na usiniulize nilivyojisikia jioni hiyo Salumu alipoomba uji na kuniita kwa jina langu mwenyewe. Dawa tuliihangaikia, ikapatikana kidogo, lakini siku ya tatu akafa.

Msibani majirani wakasema, "Si mnaona? Wamemchoma." Nikanyamaza. Niliogopa kusema kwamba niliyemchelewesha ni mimi. Mwaka uliofuata mama mmoja mtaani kwetu alikataliwa sindano ile ile na wanawe, na jina walilolitaja ni la Salumu. Naye tukamzika. Hofu hiyo ndiyo ninayolala nayo, mwanangu, kwamba kimya changu kilimfikia na yeye.

Kwa hiyo shika haya. Mwenye virusi akiumwa kichwa siku kadhaa, mpeleke hospitali bila kungoja. Wakitaka kupima maji ya mgongo, kubali mapema. Siku hizi dawa ni bora na anayewahi ana nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo kaka yangu. Mgonjwa mwenyewe akisema, msikilize. Na ukikosea, sema hadharani, hata kama kosa linakuaibisha, maana kuna mwenzio anasubiri kusikia.

Mungu akuepushe na msiba wa namna hii, na akupe ulimi wa kusema kweli pale mie niliponyamaza. Amina.