Mlango Uliosema Umefunguka

Wewe, ushawahi kufungiwa ndani ya nyumba yako na mlango wenye unakuambia umefunguka? Kaa hapo nikuambie. Chai iko, mandazi iko, na leo sina haraka.

Mjukuu wangu wa kike, yule naishi kwake hapa Umoja, gorofa ya tatu, kazi yake ni kujaribu programu za simu kabla watu hawajaanza kuzitumia. Ofisi yao walitengeneza kufuli ya mlango ya kufungua na simu. Akasema wacha kwanza tuweke kwetu tuone vile inafanya. Fundi akang'oa kitasa cha zamani. Ndani hakuna pa kushika, hakuna tundu la ufunguo. Unabonyeza simu, mlango unalia tiii, unatoka. Ufunguo wa chuma wa dharura uko, lakini unaingilia kwa nje, na mjukuu alienda nao kazini ndani ya pochi.

Sasa asubuhi hiyo shoga yangu alikuwa anahama. Mswahili wa Mombasa, jirani yangu hapa hapa mtaani tangu tukiwa mabibi arusi. Tumelea pamoja, tumezika pamoja. Watoto wake wamemwita, anarudi kwao kabisa. Na sisi watu wa magharibi, mgeni haendi tu hivi hivi. Unamsindikiza. Unabeba mzigo wake mmoja, mnatembea polepole mkipiga domo, mpaka apande gari. Ukimwachia mlangoni ni kama umemfukuza.

Nimejifunga leso, nimebeba karanga nimemkaangia. Nikabonyeza simu. Hiyo simu inaongea, maana kusoma nasoma kwa shida. Ikasema, "Mlango umefunguka." Nikasukuma. Wapi! Nikabonyeza tena. Ikaniambia tena, kwa heshima kabisa, "Mlango umefunguka."

Nikampigia mjukuu.

"Shosho, mimi niko kwa kompyuta hapa. Nimepitisha testi yote, yote ni kijani. Mlango uko wazi."

"Kijani ni ya sukuma wiki! Mimi niko ndani."

"Hebu sukuma kidogo."

"Nimesukuma na bega, nimesukuma na makalio. Unataka nisukume na nini tena?"

Akacheka. Halafu nikasikia anabonyeza kompyuta. "Ngoja, shosho. Nakupigia saa hii."

Huko chini nasikia shoga yangu anaita. "Ewe bibi! Hushuki?"

Nikatoka kwa balkoni, nikashika vile vyuma tuliwekewa kuzuia wezi. "Nimefungiwa!"

"Na nani? Umepata mume usiku?"

Mama mboga na wateja wake wakaangua kicheko.

"Mume gani! Ni mlango!"

"Basi ufungue!"

"Umefunguka!"

"Kama umefunguka si ushuke, mwenzangu?"

Nilicheka na mimi. Lakini nyumba ilikuwa ndogo ghafla. Nikienda kwa mlango, ni ule ule. Nikirudi kwa balkoni, ni vyuma. Na basi la Mombasa halingojei mtu.

Simu ikalia. Mjukuu akanieleza mbio mbio. Ati wamefundisha kompyuta kubonyeza yenyewe, fungua, funga, fungua, kama mtu. Lakini kubonyeza haitoshi. Kila hatua wanaweka kituo cha kukagua.

"Kama askari wa geti?"

"Eeh. Kompyuta inasimama hapo, inauliza, kile nilitaka kimefanyika? Ikiona ndiyo, inapita. Sasa makosa ni yetu, shosho. Kituo chetu kilikuwa kinaangalia tu kama simu imesema 'umefunguka'. Kile chuma cha kufuli, hakuna mtu alikiuliza kama kimetoka."

"Basi kiulize!"

"Nimeweka kituo kingine hapo sasa hivi. Najaribu na mlango wako. Sikiliza."

Mlango ukalia tiii. Haukusonga. Na yeye kwa simu akapiga nduru kama mtu amepata mbuzi wake aliyepotea. "Nyekundu! Shosho, imekuwa nyekundu!"

"Wewe unafurahia nyekundu na mimi nimefungwa?"

"Angalau sasa haitudanganyi. Nakuja na ufunguo."

Kuja kutoka tao, huko mjini, na ile jam ya magari? Shoga yangu akaangalia saa yake, akaniangalia, nikajua. Nikachukua kile kikapu huwa tunashusha na kamba tukinunua mboga, nikaweka karanga, nikakishusha. Akazitoa. Akafungua leso yake ya mabegani, akaitia kwa kikapu, pacha yake akabaki ameifunga kiunoni.

"Hii yako, hii yangu. Usilie bwana, utanitia nuksi safarini!"

"Silii. Ni vumbi."

"Vumbi gorofa ya tatu?"

Akabeba mifuko yake yote miwili mwenyewe. Anatembea akigeuka, akigeuka, mpaka akapotelea huko kwa posho mill, pale wanasaga unga. Hata mmoja sikumbebea.

Mjukuu alifika anahema, akaingiza ufunguo, ka! Mlango ukafunguka kweli. Nikatoka, halafu nikakosa pa kwenda. Nikakaa kwa ngazi na leso yangu. Yeye naye akakaa kando yangu, hakusema mambo ya kompyuta. Akanishika mkono.

"Shosho, nikipata likizo nakupeleka Mombasa mimi mwenyewe. Na sitakuambia tumefika mpaka nione umemkumbatia."